Polishi ya Yote-kwa-Moja: Je, Inalifaa Gari la Ainabkoi?

Ahadi ya chupa hii ni tamu: osha gari, paka mara moja, pangusa, na kwa mpigo huo uchafu ulioganda umetoka, mikwaruzo midogo imefifia, na rangi imepata kinga ya miezi kadhaa. Mkulima wa Olare, katika eneo bunge la Ainabkoi nchini Kenya, anayetoka na maziwa kabla ya mapambazuko, au dereva wa teksi wa Kapsoya anayepeleka hesabu kwa mwenye gari kila jioni, hana nafasi ya kumwachia fundi gari siku nzima ili alipige kopaundi ya kusugulia, kisha polishi, kisha nta. Kwake yeye chupa moja ni nafuu ya wakati na ya mfuko.

Lakini ahadi tamu haitoshi. Yapo maswali manne ya kujibu kabla ya kutoa pesa: ndani ya chupa mna nini, jua na barabara za huku zinaiathiri vipi kazi yake, gari lenyewe lina rangi ya aina gani, na polishi ipigwe mara ngapi. Ukiyafuatilia hayo unafikia uamuzi huu: polishi ya yote-kwa-moja inayafaa magari mengi ya Ainabkoi, ila mara moja au mbili tu kwa mwaka, na faida yake yote inaweza kufutwa na ndoo moja ya maji machafu.

Kilicho ndani ya chupa

Humo mna vitu vitatu. Cha kwanza ni chembechembe ngumu za kusugulia, mara nyingi oksidi ya aluminiamu iliyosagwa ikawa laini mno. Cha pili ni visafishaji na mafuta, ambavyo huyeyusha madoa ya lami, utomvu na masalia ya polishi ya zamani, na pia kulainisha msuguano. Cha tatu ni kinga yenyewe: nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mtende wa kaskazini mashariki mwa Brazil, au polima za kiwandani, au siku hizi misombo ya silika.

Zamani kazi hizi zilitenganishwa. Simoniz, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1910, iliuza kisafishaji kwenye kopo moja na nta kwenye kopo jingine. Baadaye watengenezaji wakaziunganisha, na Super Resin Polish ya Autoglym, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1965, ni mfano unaojulikana sana. Kuunganisha kuliokoa muda, lakini kulikuja na gharama yake. Chembechembe zinazoweza kukaa chupa moja na kinga huwa za upole, kwa hiyo mkwaruzo mrefu hauondoki. Nayo kinga inatua juu ya rangi iliyobaki na mafuta ya kusugulia, kwa hiyo haishiki imara kama ile inayopakwa peke yake juu ya rangi iliyosafishwa kabisa. Kwenye chupa huandikwa miezi sita au hata mwaka. Kwa gari linalolala nje na kutembea kwenye murramu kila siku, miezi miwili hadi minne ndiyo matarajio ya haki.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kupiga polishi ni kupunguza rangi. Rangi ya kiwandani, kutoka kwenye bati hadi juu, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tabaka la juu kabisa, lile angavu ambalo mafundi huliita klia, lina mikroni 40 hadi 50 tu, na ndilo lenye kemikali za kuikinga rangi dhidi ya miale ya jua. Mkwaruzo mdogo huondoka kwa sababu uso unaouzunguka umeshushwa hadi kwenye kina chake. Polishi ya upole hushusha kidogo sana kwa mara moja, lakini klia iliyoondoka hairudi. Anayeipiga kila mwisho wa wiki ili gari ling'ae kanisani anatumia akiba ambayo hataweza kuirudisha ila kwa kupaka rangi upya.

Pia si kila mkwaruzo unaotoweka umeondolewa. Mafuta yaliyomo hujaza mikwaruzo midogo na kuificha machoni. Baada ya kuoshwa mara kadhaa mafuta huondoka, na mizunguko ile ile ya mikwaruzo inaonekana tena juani. Huo si udanganyifu wa mtengenezaji. Ni tabia ya bidhaa, na mnunuzi akiijua hatalaumu chupa wala fundi.

Jua kali chini ya hewa baridi

Eneo bunge la Ainabkoi lina wadi tatu: Kapsoya, ambayo ni mtaa wa jiji la Eldoret, Kaptagat, penye misitu na kambi za wanariadha, na Ainabkoi/Olare, penye mashamba ya mahindi, ngano, viazi na ng'ombe wa maziwa. Eldoret iko yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Timboroa unapanda hadi zaidi ya mita 2,700. Ikweta inapita hapo kusini tu.

Mwinuko huo una maana kubwa kwa rangi ya gari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Anga ikiwa wazi kwa kiwango kimoja, gari la Eldoret linapigwa na miale hiyo kwa zaidi ya moja ya tano kuliko la Mombasa, na la Ainabkoi/Olare hupata zaidi. Hewa baridi inatuhadaa. Mtu amevaa sweta saa sita mchana hafikirii kwamba paa la gari lake linaungua, lakini magari mekundu na meusi yaliyopauka juu ya paa na boneti, huku milango bado ina rangi yake, yanatoa ushahidi kila siku.

Je, polishi inazuia miale hiyo? Kidogo sana. Kinga inayobaki juu ya rangi ni nyembamba mno kuikabili miale ya Ikweta, hata ikiwa imetajwa kwenye chupa. Kivuli cha mabati au turubai hufanya kazi kubwa zaidi. Faida halisi ya kinga huku kwetu iko kwingine, kwenye matope na vumbi.

Mvua huanza Machi na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Barabara za ndani hugeuka tope zito linaloganda kwenye vizingiti vya milango na nyuma ya magurudumu. Kuanzia Desemba hadi Februari ni vumbi, na ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko klia. Zaidi ya hayo kuna ya shambani. Maziwa yanayomwagika nyuma ya pikapu huchacha na kuwa asidi. Mbolea za DAP na CAN zina chumvi za amonia zinazochochea kutu zikipata unyevu. Ukiegesha Kaptagat chini ya msonobari au mtarakwa unaondoka na utomvu, na kinyesi cha ndege kikikaa siku mbili juani huchimba klia na kuacha alama isiyooshika.

Hapo ndipo kinga inapostahili pesa yake. Uso uliopakwa polima ni laini na unasukuma maji, kwa hiyo tope halishiki kwa nguvu, utomvu unapanguswa kabla haujapenya, na maziwa hutoka kwa maji matupu. Gari linaoshwa kwa kusuguliwa kidogo, na kusuguliwa kidogo ndiko kunakohifadhi rangi. Kinga basi haifanyi kazi sana siku unapoipaka. Inafanya kazi kila unapoosha gari baada ya hapo.

Ijue rangi ya gari lako kwanza

Kiwango cha KS 1515:2000 hakiruhusu kuingiza Kenya gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo magari mengi hutufikia yakiwa ya makamo, yameshapigwa polishi huko Japani mara ambazo mnunuzi hawezi kuzijua. Baada ya hapo huendelea kutumika miaka kumi au ishirini zaidi. Klia iliyobaki haijulikani, na hiyo ni sababu tosha ya kuchagua polishi ya upole badala ya kopaundi kali.

Tuchukue Toyota Probox nyeupe, gari lililozinduliwa mwaka 2002 ambalo huku hubeba kila kitu, kuanzia abiria hadi magunia ya viazi. Kwa miaka mingi Toyota imepaka magari meupe rangi isiyo na klia juu yake. Nambari 040 ndiyo maarufu zaidi. Kuipima ni rahisi. Osha sehemu ya mlango, weka tone la polishi kwenye kitambaa cheusi, usugue mahali padogo pasipoonekana sana. Kitambaa kikitoka na weupe kama wa chaki, zaidi ya weupe wa polishi yenyewe, unasugua rangi moja kwa moja. Kwa gari jekundu au la buluu tumia kitambaa cheupe. Kikibaki bila rangi ya gari, kuna klia.

Rangi isiyo na klia ikichoka hutoa unga juu na kufifia, na kwa tatizo hilo polishi ya yote-kwa-moja ni dawa nzuri ajabu. Chembechembe huondoa tabaka lililokufa, mafuta hurudisha kina cha rangi, na kinga huchelewesha kufifia tena. Probox iliyopauka hupata nafuu kubwa zaidi kwa chupa hii kuliko gari jeusi la bei ghali, ambalo kila mzunguko wa mkwaruzo unaonekana na linahitaji mkono wa fundi aliyebobea.

Kwa magari yaliyopakwa upya kwenye gereji za jua kali, muulize fundi kama alitumia NC au 2K. Rangi ya NC ni laini na hukauka kwa hewa tu. Isugue kwa mkono, taratibu, na usiiguse kwa mashine. Rangi ya 2K, inayochanganywa na kikausho, huwa ngumu na huvumilia polishi vizuri ikishakaa wiki kadhaa.

Kuna gari moja lisilosaidiwa na chupa yoyote: lile ambalo klia yake imeanza kubanduka magamba kwenye paa. Polishi hunasa kwenye kingo za magamba, hukauka nyeupe, na kufanya kidonda kionekane zaidi. Hapo mwenye gari achague kati ya kupaka upya na kuvumilia.

Kuosha ndiko kunakoamua

Sehemu kubwa ya mikwaruzo inayopelekwa kwa polishi hutokea siku ya kuosha. Picha yake inajulikana: ndoo moja, maji yamekuwa rangi ya chai, sabuni ya unga ya kufulia, na tambara lililoanza kwenye rimu likapanda hadi kwenye boneti. Kila chembe ya mchanga iliyo kwenye tambara huchora mstari. Nayo sabuni ya unga ina alkali nyingi. Hung'oa kinga uliyoilipia ndani ya miosho michache.

Marekebisho hayahitaji mtaji. Kwanza mwagia gari maji mengi ili tope litoke lenyewe, hasa chini ya vizingiti na nyuma ya magurudumu, kabla kitambaa hakijagusa rangi. Pili, tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza sehemu. Tatu, anza juu ushuke chini, na kitambaa cha rimu kiwe chake peke yake. Nne, tumia shampuu ya magari, au hata sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo kwa uchache ikikosekana. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye matangi, ambayo nyumba nyingi za huku zinayo, ni bora kuliko ya kisima, kwa sababu hayaachi madoa meupe ya chumvichumvi yakikauka.

Ukipeleka gari kwa vijana wa kuosha, sema nao kwa lugha yao: "Kijana, niletee ndoo ya pili, na hii sponji isiguse rimu." Wakijua unaangalia na unaongeza kidogo kwa kazi safi, wengi hufanya. Lakini usikubali gari lioshwe mtoni. Mafuta, sabuni na masalia ya polishi huingia moja kwa moja kwenye maji ambayo watu na mifugo wa chini wanayatumia.

Kuipaka bila kuiharibu

Msimu mzuri ni Desemba hadi Februari, na pengine mara nyingine katikati ya mwaka ukipata siku kavu. Asubuhi na mapema bati huwa na umande na baridi, na polishi haikauki ipasavyo. Saa saba mchana juani bati ni la moto, na polishi hukaukia papo hapo na kuacha madoa. Saa nne asubuhi, chini ya kivuli, bati likiwa vuguvugu tu mkononi, ndio wakati wake.

Baada ya kuosha na kukausha, shughulikia vipande vya lami. Mafuta taa kidogo kwenye kitambaa huvilainisha, kisha paoshe kwa sabuni na kusuuza. Michubuko ya mawe ya murramu iliyofika hadi kwenye bati izibwe kwanza kwa rangi ya kugusia, kwa maana polishi haizuii kutu iliyokwisha kuanza. Plastiki nyeusi za bampa na kingo za madirisha zifunikwe kwa tepu, la sivyo zitabaki na madoa meupe yanayoudhi kuliko mikwaruzo.

Paka sehemu ndogo kwa wakati mmoja, yapata nusu mita kwa nusu mita, kwa matone matatu au manne tu. Sugua kwa shinikizo la wastani, mistari ya kwenda na kurudi, kisha ya kukatiza. Acha ifanye ukungu kama maelekezo yasemavyo, pangusa kwa mikrofaiba safi, na ugeuze kitambaa kila kinapojaa. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudi kwenye rangi kabla ya kufuliwa. Ukimaliza, gari likae bila kunyeshewa kwa saa kadhaa ili kinga ishike. Mvua ya alasiri ya Julai inaweza kuifuta kazi yote ya asubuhi.

Kuhusu mashine: ile inayozunguka na kutikisika kwa wakati mmoja ni salama hata kwa asiye na uzoefu mkubwa. Lakini grinda ya kukatia vyuma iliyofungwa kitambaa cha manyoya, ambayo gereji nyingine huitumia kung'arishia rangi, huchoma rangi kwenye kingo za milango na boneti ndani ya sekunde chache. Ukiiona inawashwa karibu na gari lako, omba ufanyiwe kwa mkono.

Kupima kama kinga bado ipo, mwagia maji boneti. Yakijikusanya kama shanga na kuteleza, ipo. Yakitanda na kutulia, imekwisha. Hata hivyo usikimbilie kusugua upya. Paka kinga peke yake isiyo na chembechembe, kwa sababu kilichokwisha ni kinga, si ulaini wa rangi. Chupa hiyo ya pili ndiyo inayorefusha maisha ya klia.

Njia nyingine na mitego yake

Wapo wanaosema yote-kwa-moja ni kazi ya wavivu, bora kopaundi kisha polishi kisha kinga. Kwa gari la rangi ya giza, jipya, linalolala kwenye karakana ya nyumba ya Kapsoya, hoja hiyo ina nguvu. Wengine wanasifu mipako ya keramiki, ambayo hudumu mwaka au miaka kadhaa. Ni kweli inadumu, lakini huhitaji rangi iandaliwe kikamilifu kabla ya kupakwa, hugharimu mara nyingi zaidi ya polishi, na haizuii mawe ya murramu. Gari lenye keramiki likioshwa kwa tambara la mchanga litakwaruzika vile vile.

Upande wa pili wapo wanaoona gari la shamba halihitaji chochote, tope ni koti lake. Tope hushikilia unyevu kwenye kingo za bati na kwenye michubuko, na unyevu pamoja na mbolea ni mwaliko wa kutu. Asiyetaka polishi kabisa, angalau aoshe chini ya gari kila baada ya kubeba mbolea.

Tahadhari ya mwisho ni kwa mnunuzi wa gari. Chupa ile ile inayomsaidia mwenye gari humsaidia muuzaji kuficha. Gari lililopigwa polishi yenye mafuta mengi asubuhi ya mauzo hung'aa kuliko lilivyo. Kabla ya kulipa, omba boneti na mlango mmoja vioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa, kisha uangalie kwa tochi ya simu kutoka upande. Mizunguko ya mikwaruzo, tofauti ya rangi kati ya mlango na mlango, na magamba ya paa vitaanza kujionyesha. Muuzaji anayekataa ndoo ya maji amekupa jibu.

Uamuzi

Kwa wadi ya Ainabkoi/Olare, penye pikapu na Probox za kazi, polishi ya yote-kwa-moja ni chaguo la kwanza: mara moja Desemba au Januari, na mara ya pili katikati ya mwaka kama gari linaoshwa kila wiki. Kwa Kaptagat, ongeza kinga isiyosugua kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya utomvu na ndege. Kwa Kapsoya, mwenye gari la rangi ya giza atafute fundi mwenye mashine sahihi mara moja, kisha ailinde rangi kwa kinga peke yake. Popote ulipo, kama bajeti inatosha ununuzi mmoja tu mwezi huu, acha polishi dukani: nunua ndoo ya pili, shampuu ya magari na vitambaa vitatu vya mikrofaiba, kisha rudi kwa chupa baadaye.